Zamu ya Kulima Lurujo

Keti hapa karibu nami, sogeza kiti kivulini, nikueleze jambo moja kuhusu mpira. Kama hujui mpira, usijali. Nitakwenda polepole, na hata hivyo habari yenyewe ina jembe zaidi kuliko mpira.

Mwezi uliopita nilikuwa Arua nikisubiri gari la kwenda Koboko. Karibu na stendi kuna chumba cha bati wanakoonyesha mechi kwenye televisheni, na mlangoni vijana watano au sita walikuwa wanabishana. Timu yao, timu ya nchi ya mbali ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga, ilikuwa imeshuka daraja. Mchezaji wao mkubwa bado alikuwa na mkataba. Je, aachiliwe aende, au azuiwe abaki? Kijana mwenye kofia alisema mkataba ni mkataba. Mwenzake akamwuliza kama yeye angekubali kulala kwenye nyumba inayovuja kwa sababu tu alishalipa kodi. Nilisikiliza mpaka gari langu likajaa na kuondoka bila mimi. Sikusikitika. Mabishano hayo niliwahi kuyasikia mahali hapohapo, karibu neno kwa neno, nilipokuwa msichana wa darasa la tano. Chumba kile cha bati kimesimama palipokuwa na hoteli ya mama yangu.

Nikisema hoteli, usifikirie ghorofa na vitanda. Hoteli kwetu ni mahali pa kunywa chai na kula. Ya mama ilikuwa na kuta za udongo, mabenchi mawili, meza moja ndefu iliyofunikwa kwa plastiki yenye maua, na birika kubwa jeusi ambalo halikupoa tangu asubuhi mpaka alasiri. Kazi yangu ilikuwa kutwanga tangawizi. Mpaka leo nikisikia harufu ya tangawizi mbichi, naona moshi ule ukipita juu ya vichwa vya watu na kutokea kwenye nafasi kati ya ukuta na paa. Madereva wa malori ya Kongo walikunywa chai pale, na mafundi wa baiskeli, na wauza nguo. Zaidi ya wote walikunywa mashabiki wa timu, kwa sababu kipa wa timu alikuwa anaishi nyumba ya nyuma.

Kipa huyo alikuwa baba yangu mdogo.

Baba mzazi simkumbuki. Alikuwa askari, serikali ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa aliondoka na wenzake na hakurudi. Sisi tulivuka mpaka tukaenda kukaa Kongo, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, na baba mdogo akiwa kijana aliyebeba jiko, chungu na kuku wawili. Hukohuko ugenini ndiko alikojifunza kudaka, kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za migomba. Miaka ilipopita na watu wakaanza kurudi, mama alifungua hoteli Arua. Bibi, mama yake baba mdogo, hakutaka mji. Alirudi kwenye ardhi yake Lurujo, upande wa Koboko, akaikuta imekuwa pori.

Mimi na baba mdogo tulikuwa na kazi yetu ya asubuhi. Kabla birika halijachemka alikuwa anagonga dirisha na kusema, "Kocha, amka." Kocha alikuwa mimi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ukuta wa zamani wa ghala. Yeye alisimama mbele ya ukuta, mimi nikasimama hatua chache mbali naye, nikamrushia mpira. Mwanzoni nilikuwa namrushia kifuani, kwa sababu nilipenda kuona akidaka. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akanieleza kwa utaratibu, kama ninavyokueleza wewe sasa.

"Kocha, usinirushie mahali ninapopenda. Huko hata mtoto anadaka. Nirushie ile mbaya."

"Ile mbaya iko wapi?"

Alionyesha chini, kushoto kwake, karibu na mguu. "Iko hapa. Mimi nachukia hapa. Basi wewe rusha hapa kila siku."

Nikarusha hapo kila siku. Alianguka kwenye mavumbi, akainuka na vumbi jekundu kwenye nyusi, akacheka. Nilikuwa mtoto asiye na baba, na nilikuwa na mtu mmoja aliyenihitaji kila asubuhi. Hilo liweke moyoni, maana ndilo nililokuwa naogopa kulipoteza.

Sasa nikueleze mkataba wenyewe.

Timu yetu haikuwa tajiri. Jezi zilifuliwa na mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa anauza vitenge sokoni, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye hakukosa mechi hata moja. Wachezaji walilishwa na mashabiki kwa zamu. Wakati mmoja timu ya mji mwingine ilipomtaka baba mdogo, mashabiki walikuja hotelini wakamwuliza anataka nini ili abaki. Hakuomba baiskeli wala redio. Alisema mama yake yuko Lurujo peke yake, na shamba limeshikwa na pori. Kijana akikaa mjini kucheza, nani atalima?

Wakajibu kwa pamoja: wewe daka, sisi tutalima.

Kwetu kulima kwa pamoja si jambo geni. Mtu mwenye shamba gumu anaita watu, anapika, na siku moja inafanya kazi ya mwezi. Lakini sijui mahali pengine ambako mchezaji alilipwa kwa jembe. Waliandika kwenye karatasi ya daftari: kipa atacheza miaka mitatu, na mashabiki wa Arua na wa Koboko watalima shamba la mama yake kila mvua. Wakatia sahihi, wasiojua kuandika wakaweka kidole. Mwenyekiti wa mashabiki wa Arua alikuwa Hajji mmoja muuza nguo, na yeye ndiye aliyeitunza karatasi ile, ndani ya plastiki, katikati ya kanzu mpya dukani kwake.

Mara ya kwanza walikwenda wote. Malori mawili yalifika Lurujo asubuhi na ngoma juu. Mashabiki wa Koboko waliongozwa na askari mstaafu, tuliyemwita Afande tu, mtu mwembamba aliyepanga walimaji mstari mmoja kama gwaride. Majembe yalipanda na kushuka pamoja. Mwenye kuchelewa alizomewa. Bibi alipika kunde na rojo la simsim, na ugali wa muhogo na mtama, mweusi, laini, wa kutosha jeshi. Bibi alikuwa Mwislamu wa sala tano, hakuweka pombe kwake; basi jirani Mkristo aliweka mtungi wa kwete nyuma ya ghala lake, na walimaji wakawa wanaenda "kuangalia mbuzi" wawiliwawili. Bibi alijua. Alisema mbuzi wa jirani siku hiyo walipendwa kuliko siku zote. Kabla ya adhuhuri kuisha, pori lote lilikuwa limegeuka udongo mweusi, na bibi alisimama ukingoni akilia bila sauti. Shamba lile alikuwa hajaliona likiwa wazi tangu siku ile tulipokimbia.

Baadaye mafuta ya gari yakawa shida. Wakakubaliana kugawana zamu: mvua hizi Arua, mvua zinazofuata Koboko, kwa kupokezana. Ni mpango mzuri, na ndipo kosa lilipoingia. Msimu mmoja mvua zilikawia sana, hakuna aliyelima popote. Ilikuwa zamu ya Koboko, nao walihesabu kwamba imepita. Watu wa Arua walihesabu kwamba msimu usio na mvua si msimu, na kwamba mawingu yakirudi, zamu bado ni ya Koboko. Kila upande ukakaa ukiamini upande mwingine uko shambani. Walipokutana uwanjani walishukuriana. "Asante kwa ile kazi," mmoja alisema, na mwenzake akajibu, "Asante ninyi." Niliwasikia kwa masikio yangu.

Mimi nilijua ukweli, kwa sababu likizo zangu zote nilikuwa Lurujo. Mimi na bibi tulilima kipande kidogo karibu na nyumba, cha kunde na mboga. Nyuma yake nyasi zilikuwa zimenifika begani. Nilipouliza kwa nini hatumwambii baba mdogo, bibi aliweka jembe chini, akanishika mkono.

"Ukimwambia, atakuja kulima. Akija kulima, ameacha mpira. Wewe unataka aache mpira?"

Nikasema hapana.

"Basi funga mdomo."

Baba mdogo alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, Januari, wakati wa kiangazi, ligi ikiwa imelala. Nchi yetu Januari imechomwa moto; ukisimama uani, shamba lililolimwa na lisilolimwa yote ni meusi. Alilala usiku mmoja, na bibi hakumpa nafasi ya kutembea mbali. Asubuhi alimbebesha gunia la muhogo mkavu. "Muhogo wa mashabiki wako huu," alimwambia. Ulikuwa muhogo wa jirani. Bibi alitoa kuku wake wa mayai, mmoja baada ya mwingine, kuupata.

Mwaka huo, wa pili wa mkataba, timu ilishuka. Mechi ya mwisho tulihitaji sare. Beki wetu alirudisha mpira kwa baba mdogo bila nguvu, ukakwama kwenye tope, mtu wao akaufikia kwanza. Mpira ulipita chini, kushoto, karibu na mguu. Niliona vidole vyake vikiugusa. Tulirudi nyumbani kwa miguu, umati mzima, na mtu aliyebeba ngoma aliibeba chini ya kwapa kama mtu anayebeba mgonjwa. Kesho yake mama wa vitenge alifua jezi zilezile, akazianika, akakaa kwenye ndoo akizitazama mpaka zikakauka.

Mwezi wa tatu, manyunyu ya kwanza yakianza kunukisha vumbi, ilikuja barua kutoka timu moja ya Kampala. Walimtaka baba mdogo, na walikuwa na kazi ya karakana kwa ajili yake siku zisizo za mechi. Walitaka karatasi kutoka kwa mashabiki kwamba amefunguliwa, nayo ipande basi kesho yake, kabla usajili wa majina ya wachezaji haujafungwa. Asubuhi ile tulipomaliza mazoezi nilimwuliza kama anataka kwenda. Alikuwa anafuta mpira kwa shati.

"Kocha, mimi si kijana tena. Mwaka mwingine huku chini, Kampala watasahau hata sura yangu. Lakini watu wamelima shamba la mama yangu. Nitawaachaje?"

Nilikwenda kutwanga tangawizi.

Mchana walikuja wote. Hajji na karatasi yake, Afande na watu wa Koboko walioshuka kwenye lori wakiwa wekundu kwa vumbi, mama wa vitenge, na fundi viatu mmoja wa kutoka upande wa Inde ambaye mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika. Waliokosa nafasi walisimama dirishani. Baba mdogo alikaa mwisho wa benchi, mikono mikubwa juu ya magoti. Hajji alisoma karatasi, akaikunja. Na hapo wakaanza.

"Timu imeshuka," alisema fundi viatu. "Karatasi nayo imeshuka. Mimi naona hivyo tu."

"Karatasi iko na miguu? Inashuka namna gani?" Hajji alimjibu. "Imeandikwa miaka mitatu. Mbili imekwisha. Moja iko."

"Tuliandika na mchezaji wa ligi kubwa, Hajji. Sasa iko mchezaji wa ligi ya mbuzi."

"Wewe ndiye mbuzi. Viatu yangu iko kwako tangu mwaka jana."

Watu wakacheka. Afande hakucheka. Aliinuka, akasimama wima kama kawaida yake. "Kambi ikipigwa, askari mzuri hakimbii. Anabaki, anachimba handaki tena. Huyu akienda, nani anapandisha timu? Wewe, fundi? Na gundi yako?"

"Afande, kwa heshima," mama wa vitenge alisema kutoka mlangoni, "mutu haiko handaki. Mutu iko na maisha yake. Mimi nafua jezi yake, naona mabega inachoka. Mumuache aende akule vizuri kidogo."

"Mama, wewe ukipoteza mteja mzuri unafurahi?"

"Mteja akiomba njia, nampa njia. Sifungi yeye na kitenge."

Waliendelea hivyo mpaka chai ya birika la pili. Usifikirie walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliorudi kutoka ugenini na kukuta kila kitu chao kimevunjwa, na timu ile ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kizima walichokijenga pamoja. Sasa nayo ilikuwa imeanguka. Walikuwa wanashika kilichobaki mkononi.

Mwishoni Hajji alimgeukia mwenyewe. "Mwanangu, wewe unasemaje?"

Baba mdogo alitazama mikono yake. "Ninyi mlisema mtalima, mmelima. Mimi nilisema nitadaka. Nitabaki, nimalize mwaka wangu."

Kelele zilizotoka hapo zilimfanya mama aangushe kijiko. Watu walimpiga mgongoni, fundi viatu alipanda juu ya benchi. Hajji alitoa kalamu aandike jibu la Kampala, kwamba kipa haendi. Na mimi, rafiki yangu, nilikuwa nimepata nilichokuwa nakiomba kila usiku. Kesho asubuhi dirisha lingegongwa. Niliendelea kumimina chai.

Ndipo fundi viatu, kwa furaha tu, bila kutafuta jambo lolote, akanishika bega. "Wewe mtoto! Likizo ulikuwa Lurujo. Ambia Hajji hapa, shamba yetu iko namna gani?"

Wote wakageuka, wakitabasamu, kama watu wanaosubiri kusifiwa. Baba mdogo naye alinitazama, akatabasamu. Ningeweza kusema neno moja tu, "nzuri," na mambo yangekwisha pale. Bibi alikuwa ameniagiza hivyo. Moyo wangu ulitaka hivyo. Nilitazama ile mikono juu ya magoti.

"Iko majani," nilisema.

"Majani gani?"

"Majani tu. Haijalimwa. Kutoka ile siku ya malori mawili, haijalimwa tena vizuri."

Hajji alimtazama Afande. "Si ilikuwa zamu yenu?"

"Yetu? Yetu ilipita ule mwaka wa jua! Iliyofuata ilikuwa ya Arua."

"Mwaka wa jua hauhesabiwi!"

"Nani alisema hauhesabiwi?"

Baba mdogo hakuwasikia. Aliniuliza polepole, mimi peke yangu. "Muhogo ule mama alionipa?"

"Wa jirani. Alitoa kuku."

Aliinuka akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba, paji la uso limeegemea ukuta wa ghala. Nilimwambia anisamehe. Aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu.

"Leo umenirushia ile mbaya, kocha," alisema.

Basi la kesho yake lilikwenda bila barua. Lori la Hajji liliondoka alfajiri kwenda Koboko, na majembe bila ngoma, na mama alinipakia nami kwa sababu baba mdogo alitaka niwepo. Tulipofika Lurujo watu wa Koboko walikuwa wameshafika, wamekaa mbali na wetu, hawasalimiani. Hajji aliingia shambani na viatu vyake vizuri. Kwa mbali lilionekana limesafishwa na moto, lakini chini ya majivu kulikuwa na mashina ya nyasi yaliyoshikana kama mkeka, na ardhi ngumu isiyobonyea. Aliinama akajaribu kuchota udongo kwa vidole. Haukutoka.

Bibi alikuja na fimbo yake. Mimi alinitupia jicho moja ambalo bado nalikumbuka. Kisha akawaambia, "Kama mmekuja kulima ili abaki, pandeni gari yenu. Kama mmekuja kulima, jembe langu liko nyuma ya mlango."

Hajji alivua kanzu, akaikunja, akaiweka juu ya mawe. Akaenda kuchukua jembe lile. Afande alimtazama, akaja akasimama kando yake, na bila amri yoyote mstari ukajipanga, Arua na Koboko wamechanganyika. Walilima mpaka alasiri. Fundi viatu hakusema neno hata moja, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Baba mdogo alilima katikati yao. Walipomaliza, Hajji aliomba kalamu, akaandika juu ya boneti ya lori kwamba mashabiki ndio walioacha mkataba, na kipa yuko huru. Afande alitia sahihi chini yake.

Baba mdogo aliondoka Arua kwa basi la siku iliyofuata, na barua mfukoni. Alinipa ule mpira. Kesho yake niliamka kabla ya mtu yeyote, nikakaa kitandani nikisikiliza dirisha.

Kampala walikuwa bado hawajafunga majina. Alicheza misimu kadhaa mizuri, na mara mbili tulisikia jina lake redioni, mama akaongeza sauti mpaka betri zikalia. Timu yetu haikupanda tena. Msimu mmoja baada ya mwingine watu walipungua, jezi zikagawanywa, mama wa vitenge akarudi kwao ng'ambo ya mpaka. Shamba la bibi lililimwa mvua zile na zilizofuata, na baada ya hapo zamu zikafifia tena, safari hii bila ugomvi.

Baba mdogo alirudi katikati ya miaka ya tisini. Hakurudi Arua, alishuka Koboko akaenda moja kwa moja kwa mama yake, mwembamba, amejifunika koti katikati ya jua. Ilikuwa miaka ambayo vijana wengi walirudi hivyo, na watu hawakuuliza ugonjwa gani. Nilikuwa nimemaliza shule. Nilikaa naye wiki zake za mwisho, na asubuhi moja aliomba nimrushie mpira, akiwa ameketi mkekani. Nilimrushia kifuani, taratibu. Alidaka, akanitazama, akatikisa kichwa. Basi nikarusha chini, kushoto. Hakuufikia. Alicheka.

Alifariki kabla ya alfajiri, mwanzoni mwa mvua. Habari ilikwenda Arua na gari la kwanza. Mchana, kaburi likiwa linachimbwa ukingoni mwa shamba, lori lilifika. Hajji alikuwa mzee sasa, ameshikwa mkono na fundi viatu. Walishuka na majembe. Walisaidia kuchimba, tukamzika alasiri, dua ikasomwa. Nilidhani wangepanda gari, maana mawingu yalikuwa meusi. Afande, ambaye naye alikuwa amefika kutoka Koboko, alisimama na jembe lake akilitazama shamba, ambalo mwaka huo hakuna aliyeligusa kwa sababu ya ugonjwa. Kisha akaingia na kuanza kulima. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyeuliza ni zamu ya nani. Mvua iliwanyeshea na hawakusimama, na bibi alikaa mlangoni akiwahesabu kwa midomo, kama mtu anayehesabu watoto wake wakirudi.

Wale wote wamekwenda sasa, na bibi pia. Hoteli imekwenda, na ukuta wa ghala. Uwanja ule wamejenga maduka. Kilichobaki ni shamba, na huko ndiko nilikokuwa naelekea siku ile gari liliponiacha. Kila mvua nakwenda. Vijana wa televisheni nilitaka kuwaambia kitu, lakini walikuwa na haraka. Wewe umekaa, basi nitakueleza wewe, na wewe pia unaweza kupanda muhogo, hata kama una kipande kidogo nyuma ya nyumba.

Subiri mvua ya pili, ardhi iwe imelainika. Kata kijiti cha muhogo kilichokomaa, urefu wa kiganja na nusu. Tazama macho yake, pale machipukizi yanapotokea, yaelekee juu. Kilaze kwa mshazari kwenye tuta, zika sehemu kubwa, acha macho mawili nje, kisha shindilia udongo kwa mkono, si kwa mguu. Baada ya wiki tatu, usingoje mtu mwingine: rudi upalilie.